Aria of Sorrow na ile tamaa ya kuokota roho

Nikiulizwa gemu gani ya mkononi imenikalia kichwani kuliko zote huwa sisiti, ni Castlevania: Aria of Sorrow, ile ya Game Boy Advance iliyotoka 2003, na wengi hudhani nitasema ni kwa sababu ya mapigano au picha zake au ile stori ya kasri la Dracula. Hapana. Vyote hivyo ni vizuri sawa, lakini kilichonishika mimi ni tamaa, tamaa tupu ya kuokota vitu, na kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipofika mwisho ni kwamba gemu yenyewe ilikua inajua nina tamaa na ilikua inanichekea muda wote.

Ngoja nieleze kwa ambaye hajawahi kuishika. Ni gemu ya kuangalia kwa pembeni, mtu wako unamuona ubavu, anakimbia kushoto na kulia, anaruka, anapiga, skrini inamfuata. Mtu mwenyewe anaitwa Soma Cruz, ni mwanafunzi tu, mwaka ni 2035, yuko Japani, anaenda kuangalia kupatwa kwa jua kwenye hekalu la kina Mina Hakuba, rafiki yake, ghafla wanajikuta wote wawili ndani ya kasri la Dracula ambalo lilifungiwa ndani ya lile giza la jua. Dracula mwenyewe alishamalizwa 1999 na mtu wa ukoo wa Belmont. Kwahiyo we hapo unatafuta njia ya kutoka. Basi. Stori inaanza kijinga kidogo, hata mi niliona hivo, lakini vumilia.

Sasa utamu wake uko hapa. Ukiua adui kuna bahati kidogo kwamba roho yake itamtoka na kuingia mwilini mwa Soma, na ikishaingia unapata uwezo wa yule adui. Karibu kila adui kwenye lile kasri ana roho yake. Roho nyekundu ni za kurusha, unabonyeza juu pamoja na batani ya kupiga, nguvu za uchawi zinapungua. Za bluu unashikilia batani ya begani mwa kifaa, ile ya pembeni juu, na uwezo unaendelea mpaka uachie au nguvu ziishe. Za njano unavaa tu zinafanya kazi zenyewe kimyakimya. Alafu kuna zile za kijivu, hizo ukipata ni zako moja kwa moja, kuruka mara mbili hewani, kuteleza chini ya ukuta mfupi, vitu kama hivo. Unavaa nyekundu moja, bluu moja, njano moja kwa wakati mmoja, kwahiyo unakaa unapangapanga kila saa, leo nivae nini.

Na zile roho hazifanani hata kidogo, ndo uzuri wake. Kuna kiunzi cha mifupa kimevaa kama mhudumu wa hotelini, ukipata roho yake na wewe unarusha sahani ya mchuzi wa kari. Kari! Kwenye kasri la Dracula! Kuna mchawi mwanafunzi anayepita na ufagio wake, roho yake inakupa paka wa kutuma mbele akashambulie. Kuna deraya inayoelea, roho yake inakufanya ushuke taratibu kama hutaki kuanguka. Kuna lile jicho kubwa linaloning'inia hewani, roho yake inakuonyesha kuta zinazoweza kuvunjika. Waliotengeneza walikaa chini wakajiuliza huyu adui mdogo asiye na maana, tukimpa mchezaji kitu chake kimoja, tumpe nini? Wakafanya hivo kwa adui baada ya adui, zaidi ya mia. Nikifikiria kazi iliyoingia hapo nachoka mwenyewe.

Matokeo yake hakuna chumba unachopita bure. Kwenye gemu nyingi za aina hii ukishakua na nguvu maadui wa mwanzo wanakua kero, unawaruka unaenda zako. Hapa hapana, unafika chumbani unaangalia, huyu roho yake ninayo, huyu ninayo, yule pale... yule sina! Basi safari imeishia hapo. Unamuua, unatoka mlangoni, unarudi, amerudi na yeye, unamuua tena, unatoka, unarudi. Kaka yangu ambaye yeye ni mtu wa gemu za mpira alikua ananiona nimejikunja pembeni nacheza chumba kilekile tangu alipotoka mpaka aliporudi.

"We dogo, bado hujatoka hapo tu?"

"Kaka nasubiri roho."

"Roho ya nani tena?"

"Ya huyu mchawi hapa."

Akatingisha kichwa akaenda kulala. Ila kuna siku alikuja kukaa nyuma yangu akawa anaangalia, hasemi kitu, na ile roho ilipotoka, maana inatoka kama kijimpira cha mwanga kinachozunguka hewani alafu kinamvamia Soma kifuani, yeye ndo alipiga kelele kabla yangu. Mtu wa mpira huyo.

Kuhusu kusubiri huku kuna jambo nililipata humo na nalitumia hata nje ya gemu. Bahati haina kumbukumbu. Ukishaua adui mara nyingi sana bila kupata kitu akili inakuambia sasa imekaribia, lazima itoke tu, haiwezi kunikatalia hivi, na hiyo sio kweli hata kidogo kwasababu kila ukimuua hesabu inaanza upya kabisa kama vile hujawahi kumgusa. Nilikua nakasirika, nabonyeza kwa nguvu, nacheza vibaya mpaka nauawa na kidudu cha hovyo. Siku hizi nikiona hasira inapanda nahama, naenda upande mwingine wa kasri kutafuta kingine. Tena kuna mwanajeshi mmoja anaitwa Hammer, anauza vitu palepale kasrini, na anauza pete ya kuongeza uwezekano wa roho kutoka. Bei yake ni ya kutisha, kwahiyo utakusanya hela kama mwendawazimu ili ukanunue pete ya kukusaidia kukusanya roho. Tamaa juu ya tamaa.

Niseme sasa kuhusu kifaa chenyewe, maana hii gemu ingewekwa kwenye televisheni kubwa nadhani nisingeipenda hivi. Skrini ya Game Boy Advance ni pikseli 240 kwa 160, ni kidirisha tu. Ndani ya kidirisha hicho huwezi kuweka mandhari makubwa ukategemea mtu ashangae, lazima uweke chumba. Na kasri ni vyumba. Ukumbi, ngazi, maktaba, bustani, mnara wa saa, hifadhi ya maji chini ya ardhi. Chumba kimoja unakipita kwa muda mfupi sana, ramani inajaza kamraba kamoja, unafurahi, unaenda kengine. Ukiwa kwenye foleni ya kitu chochote unafanya vyumba vitatu vinne unazima. Lazima ufike kwenye chumba cha kusevu lakini, hilo usilisahau, na vyumba hivo vimesambazwa kwa akili sana, ukianza tu kuishiwa dawa na uhai unaona mlango wake, unaingia, afya inajaa, unapumua. Nadhani yule aliyepanga vile vyumba alikua anajua kabisa kwamba mchezaji wake saa yoyote anaweza kuitwa.

Mwanga ndo ilikua vita. Game Boy Advance ya kwanza, ya 2001, haikua na taa kwenye skrini, kabisa, unatumia mwanga wa chumba au wa jua na betri zako mbili ndogo za AA. Sasa Castlevania ya kwanza ya kifaa hicho, Circle of the Moon, ilitoka mwaka huohuo na ina giza, si giza la kutisha, giza la kutokuona. Nilikua naigeuzageuza ile kitu chini ya taa kama mtu anakagua noti bandia. Waliofanya ile iliyofuata, Harmony of Dissonance ya 2002, inaonekana malalamiko yaliwafikia, rangi zikawa zinawaka mpaka zinaumiza na yule mhusika wakamchora na mstari wa bluu kumzunguka mwili mzima ili asipotee. Wengine wanaicheka ile rangi, mi siicheki kwasababu najua ilitoka wapi, ila muziki wa ile ya pili kweli uliumizwa, sauti ilitolewa kafara ili picha zipendeze, na unasikia. Alafu 2003 ikaja Game Boy Advance SP, ile ya kukunja, ina taa na betri ya kuchaji, na miezi michache tu baadae ndo ikaja Aria. Kwahiyo ilikuta watu wameanza kuona. Rangi zimetulia, muziki wa Michiru Yamane umerudi na uhai, na mtayarishaji Koji Igarashi, ambaye alishakuwemo kwenye ile Castlevania kubwa ya PlayStation ya 1997, tayari alikua amejifunza kifaa hiki kinataka nini na hakitaki nini.

Hili la ufinyu wa kifaa kuzaa kitu kizuri si la Castlevania peke yake. Kuna gemu nyingine, Metroid II ya Game Boy ya zamani, 1991, skrini pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, hakuna rangi. Kwenye Metroid ya kwanza Samus, mhusika wake mkuu, akipata suti mpya ya vita inabadilika rangi. Sasa kama huna rangi utamwonyeshaje mchezaji kwamba suti imebadilika? Wakaichora upya ikiwa na yale mabega makubwa ya duara. Na mpaka leo Samus ukimchora bila yale mabega watu watakuuliza huyu nani. Ukosefu wa rangi ndo ulimpa sura. Mimi huwa nalikumbuka hili kila nikisikia mtu analalamika kwamba vifaa vyake havitoshi kuanza kazi fulani, ila simwambii, maana ukianza kumwelezea mtu mambo ya mabega ya Samus anakuangalia vibaya.

Turudi kasrini. Tamaa ya roho ingekua mchezo wa kamari tu kama isingekua inafungua njia. Unafika mahali pa maji, huwezi kutembea juu yake, na ukitaka kwenda chini maji yanakuinua, huwezi kutembea vizuri. Baadae unapata roho ya Undine, unatembea juu ya maji. Baadae tena roho ya Skula, unaweza kuzama na kutembea chini kama uko nchi kavu. Maji yaleyale, ila sasa yana ghorofa mbili. Mi hiki ndo kitu ninachopenda kuliko vyote kwenye gemu za aina hii, ule ukingo wa juu ulioupita mapema ukausema moyoni "pale kuna kitu", ukabeba hiyo habari kichwani muda mrefu, alafu siku unapata uwezo wa kuruka mara mbili mwili wenyewe unageuka, huendi mbele kwenye stori, unarudi nyuma mbio kwenda kuchungulia. Ramani ipo, ndio, lakini ramani haiandiki "hapa palikushinda". Hiyo unaiandika mwenyewe. Na nimegundua nazijua njia za lile kasri vizuri kuliko njia za majengo niliyosoma.

Kuanzia hapa nafichua mwisho. Kama unataka kuucheza mwenyewe bila kujua ruka mpaka aya ya mwisho, ingawa gemu ina zaidi ya miaka 20 na sidhani kama nakuvunjia mtu haki yake.

Kuna mtu anaitwa Graham ndani humo, ana tabasamu la upole mwanzoni, baadae anajitangaza kwamba yeye ndo Dracula aliyezaliwa upya, na ushahidi wake ni kwamba alizaliwa 1999. Unampiga, gemu inaisha, majina ya watengenezaji yanapita. Watu wengi waliishia hapo wakaweka chini. Lakini humo kasrini kuna vitabu vitatu vya kale, na mimi mwanzoni nilikua naokota vitabu kama naokota kokoto, sisomi. Ukivisoma vinakudokezea roho tatu. Ya Flame Demon, inarusha moto. Ya Giant Bat, unageuka popo. Ya Succubus, kila unachopiga kinakurudishia uhai. Moto, popo, kufyonza. Hebu zisome tena. Ukimpiga Graham huku umezivaa zote tatu, Soma anasimama pale na ghafla anaelewa kila kitu, kwamba Dracula si Graham. Ni yeye. Ndo maana roho za maadui zilikua zinamfuata mwilini tangu mlango wa kwanza. Kasri lilikua lake.

Aisee niliweka kifaa chini. Kwasababu sio kwamba walinidanganya, waliniambia tangu mwanzo kwa vitendo na nilifurahia. Nani anaingia kwenye jumba la watu anaua kila kinachopumua ili ale nguvu zake na bado hatosheki, anarudi chumba kilekile tena na tena kwasababu amekosa kimoja? Shujaa gani huyo? Gemu nyingine zingeleta hii habari kwa video ndefu na mtu analia, hii iliniachia mimi nifanye kazi yote ya uovu kwa mikono yangu, kwa raha, alafu ikaniuliza wewe ulidhani unafanya nini. Na usisahau kwamba zile roho tatu lazima uwe umezitafuta, Succubus haikupi kirahisi, kwahiyo ukweli wenyewe anaupata yule mwenye tamaa. Asiye na tamaa anamaliza gemu akiamini ni mtu mwema.

Baada ya hapo kuna eneo jingine la mwisho na bosi wa kweli, Chaos. Ila kinachoniuma zaidi ni Julius Belmont, mwenyewe aliyemmaliza Dracula, ambaye kwa muda mwingi anazunguka akiwa hakumbuki yeye ni nani. Akishakumbuka mnapigana, na Soma anamuomba kitu kimoja, nikishindwa nikawa Dracula, niue. Ukifa kwa Chaos haionekani tu ile skrini ya kawaida ya kushindwa, unaona Julius anaingia kutimiza ahadi. Nilifia pale, na nikaona ni sawa kabisa.

Ina mapungufu yake, tusiwe mashabiki vipofu. Ni rahisi mno, ukipata upanga wa Claimh Solais mabosi wanakua mapambo. Ni fupi. Mina hana kazi yoyote zaidi ya kusubiri nje na kutia moyo, na huyo angeweza kupewa zaidi ya hapo. Ile iliyoendeleza stori, Dawn of Sorrow ya 2005 kwenye Nintendo DS, ni kubwa na nzuri ila wakaweka sheria kwamba ukimmaliza bosi lazima uchore alama kwenye skrini ya kugusa, ukikosea anaamka na uhai kidogo, jamani kwa nini. Na anayetaka kuijaribu Aria leo hana haja ya kutafuta kaseti ya zamani, ilirudishwa 2021 ndani ya mkusanyiko wa Castlevania Advance Collection, na humo unaweza hata kurudisha nyuma ukikosea. Mi naona kurudisha nyuma kunaua utamu wa vyumba vya kusevu, lakini kila mtu na yake.

Ukishaimaliza unafunguliwa kucheza kama Julius, kasri lilelile, mjeledi, shoka, maji matakatifu, msalaba, ana nguvu kweli na anakimbia vizuri. Haokoti roho. Nilicheza nusu saa hivi nikajikuta napita vyumba bila kuangalia chochote, yule mhudumu wa kari nimempiga nimepita, mchawi nimempiga nimepita, hakuna ninachodaiwa na hakuna ninachodai, na kwa mara ya kwanza lile kasri nikaliona ni korido ndefu tu zenye mishumaa. Nikazima, nikafungua faili la Soma. Kuna roho bado sijazipata mle.